Jina Lako, Jasho Langu

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, ila goti la kushoto bado linamsumbua akipanda ngazi za mlango wa nyuma. Anakusalimu wewe, wifi yangu na watoto. Mwambie wifi kitambaa alichoomba nimekipata, cha kijani. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, yule fundi redio, anaendelea kututesa na stesheni zisizoshika, lakini kodi analipa kwa wakati, na kodi yake yote inakwenda benki kama unavyojua. Msimu wa sare za shule umekuwa mzuri. Cherehani zote mbili zilikesha.

Naandika kwa sababu simu zangu unazikata. Barua haikatiki, labda uichane.

Jumanne iliyopita nilitoka kununua nyuzi. Niliporudi nikamkuta mwanamume amepiga magoti chini ya dirisha la Mama, futi mkononi.

"Unapima nini?"

"Dirisha, dada."

"Nani amekuita?"

"Mwenye nyumba."

Nikamwambia mwenye nyumba ndiye huyu aliyesimama mbele yako na kifurushi cha nyuzi. Akacheka, akafungua simu, akanisomea jina lako. Nikamwambia akunje futi yake aondoke kabla sijampimia sanda.

Sasa nakuuliza swali moja, na nataka jibu la swali hilo, si la jingine. Yule mtu ni nani, na alikuwa anapima kwa ajili ya nini?

Tulivyokubaliana sijasahau, na natumaini na wewe hujasahau. Benki walininyima mkopo wa kununua nyumba hii kwa sababu fundi cherehani hana slipu ya mshahara. Wewe karani wa ofisi ya maji unayo. Ukatoa jina, mimi nikatoa pesa. Miaka saba nalipa rejesho la kila mwezi, na juu yake naongeza chochote ninachoweza kubana, ili mkopo wa miaka ishirini usitufikishe uzeeni. Wiki iliyopita dirishani benki waliniambia nikienda na mwendo huu, mwezi wa nane tumemaliza. Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima. Nilitaka nikupigie nikwambie kwa furaha, na badala yake nimekaa nakuandikia maneno haya.

Dada yako


27 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na nyingine mfikishie Mama. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa muda mrefu mapokezi ofisini, kisha nikapatwa na mafua, kisha ukaguzi wa mita ukaanza. Sisi hatujambo. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kila akisema "shule". Mdogo ameanza kuandika jina lake, na analiandika ukutani. Wifi yako amepata kibarua cha kufua mashuka hotelini, mikono imebabuka lakini hachoki kucheka. Anashukuru kwa kitambaa.

Kuhusu yule bwana, usijipandishe presha bure. Ni mtu ninayefahamiana naye, anaelewa bei za nyumba. Nilimwomba apite tu aangalie. Mtu kujua thamani ya kitu chake si dhambi.

Nimefurahi sana kusikia kwamba mwezi wa nane mambo yatakuwa yamekwisha. Nilikuwa nawaza, haiwezekani ikawa mapema zaidi, tuseme mwezi wa sita? Ile cherehani ya pili ungepata bei nzuri ukiiuza sasa. Na hati ikitoka benki usihangaike nayo, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Mama anywe dawa ya goti. Msalimie fundi redio.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Salamu zimefika. Zimetosha.

"Kitu chake." Nimeisoma sentensi hiyo nikaiacha mezani, nikaenda kupika, nikarudi nikaisoma tena. Ilikuwa bado imekaa palepale, haina hata aibu.

Yule si mtu anayeelewa tu bei za nyumba. Yule ni dalali. Fundi redio anamjua, aliwahi kumtengenezea spika. Na dalali hapimi dirisha la mtu kwa kupenda mapazia.

Hebu nikwambie kitu chako kimejengwa na nini. Tangu tulipochukua mkopo, mimi ndiye ninayelala kwenye chumba cha kushonea, juu ya godoro ninalolisimamisha ukutani kila asubuhi, ili chumba cha mbele kipate mpangaji. Pesa ikiingia naigawa kabla haijapoa. Ya benki kwanza, ya chakula baadaye, yangu mwisho, na mara nyingi mwisho huo haufiki. Nyama hapa tunaionea jikoni kwa jirani. Viatu vyangu vya kutokea nimevibadilisha soli hadi fundi viatu akaniambia, "Dada, sasa umebakiza kamba tu." Mama aliugua jino na akakataa kwenda kuling'oa mpaka mwezi uishe, kwa sababu alijua tarehe ya benki. Mama! Alikaa wiki mbili na kanga imefungwa shavuni, na kila nikimwangalia anasema halimuumi.

Na usisahau ile miezi kumi na minne. Benki walikuwa wanachukua pesa yangu ya ziada na kuiweka kando, eti ni malipo ya miezi ijayo, huku riba ikiendelea kuchapa deni zima kana kwamba sijalipa kitu. Ili ipunguze deni lenyewe ilitakiwa barua yenye sahihi ya mwenye mkopo, yaani wewe. Sahihi moja, na ulinizungusha miezi kumi na minne. "Nina kazi nyingi, dada." Nilivumilia, nikasema ni mdogo wangu, ana mambo yake.

Kumbe leo unataka niuze cherehani ili dalali wako asichoke kusubiri.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Basi mimi dawa nimeacha. Kuanzia mwezi huu sipeleki benki hata shilingi. Si ziada, si rejesho. Deni liko kwa jina lako, nalo likutambue.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Watoto hawajambo.

Unafanya nini? Mshahara wangu umekatwa! Niliambiwa na mhasibu mbele ya wenzangu: "Bwana, benki wamechukua rejesho lao moja kwa moja." Nimerudi nyumbani na pesa isiyofika kodi ya chumba. Umeniaibisha kwa makusudi.

Unataka ukweli? Basi ushike. Ndiyo, yule ni dalali. Ndiyo, nilitaka kuuza.

Umeniorodheshea godoro lako na viatu vyako. Umewahi kuniuliza mimi nalala wapi? Tunaishi chumba kimoja watu wanne. Katikati nimetundika pazia, huku watoto, huku sisi. Mwenye nyumba anaingia bila kubisha hodi ili aone kama tumewasha pasi. Mara tatu nimeomba mkopo nijenge au ninunue. Mara tatu wamebofya kompyuta wakaniangalia kama mlafi. "Wewe una nyumba tayari. Mshahara wako haubebi mbili." Nina nyumba! Nyumba ambayo sijawahi kulala hata usiku mmoja bila kuwa mgeni. Mara ya tatu wifi yako alikuwa pembeni yangu. Tulipotoka nje akaniuliza, "Dada yako anajua?" Nikamwambia unajua. Nilidanganya kwa kukutetea wewe.

Pesa yako unaiona ikipunguza deni dirishani benki, unaimba njia nzima. Jina langu nani analihesabu?

Na wewe ndiye uliyesema, jikoni, Mama akisikia: "Nikopeshe jina lako miaka mitano, mdogo wangu. Nitalirudisha safi." Nilichelewesha sahihi, nakubali. Toa miezi hiyo yote, bado umepitiliza. Miaka mitano ilipoisha hukuniandikia, hukunipigia, hukusema hata "nivumilie". Ulinyamaza kama vile jina la mtu halina njaa.

Kuna nyumba ndogo huku, vyumba viwili, mwenyewe anahama na anataka pesa taslimu. Tuuze hiyo, tugawane nusu kwa nusu. Wewe na Mama mtapanga mahali padogo panapowatosha. Ni haki.

Lipa rejesho la mwezi huu.

Mdogo wako


11 Juni

Dada,

Hujajibu. Wamekata tena.

Wifi yako ameuza friji. Alifunga kamba mwenyewe na kusaidia kuipandisha kwenye mkokoteni, kisha akaingia ndani akalala mchana kutwa. Hataki nikuandikie. Nimekuandikia kwa siri yake.

Kama umeamua kutuua, tuambie tujue.

Mama hajambo?


8 Julai

Mdogo wangu,

Pole kwa friji. Mwambie wifi hivyo, hata kama hataki kusikia jina langu.

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Leo naandika kwa sababu dalali wako amerudi. Safari hii alileta mnunuzi na mke wa mnunuzi. Nilikuwa nimekwenda kupeleka sare. Fundi redio aliwazuia mlangoni, wakamwambia yeye ni mpangaji tu anyamaze. Wakafungua chumba cha Mama. Mama alikuwa anabadilisha nguo. Yule mwanamke, badala ya kurudi nyuma, akachungulia dari akasema, "Hiki kitafaa kuwa stoo."

Stoo, mdogo wangu! Mama yetu amesimama na nguo mkononi, anaambiwa stoo.

Niliporudi alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni la kutokea, mkoba mapajani. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Sijui. Nimeona nijiandae." Ndipo nikamweleza yote. Nilikuwa nimemficha tangu mwezi wa pili, na wewe pia ulimficha, kwa hiyo katika hilo hatudaiani.

Hakulia. Aliniuliza kama ni kweli una watoto nyuma ya pazia. Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akasema, "Na wewe ulijua lini?" Sikumjibu, na wewe pia sitakujibu.

Sasa sikiliza, maana sitaandika mara mbili. Nusu kwa nusu haipo. Nyumba hii haiuzwi Mama akiwa hai, na akifa utaomba ruhusa kaburini. Deni lililobaki ni dogo. Zile pesa nilizokuwa sipeleki benki sikuzila, nimezitenga, na nikiongeza za msimu huu linatosha kufutwa kwa siku moja. Lakini silipi senti mpaka usaini uhamisho wa nyumba kwa jina langu, mbele ya wakili, karatasi zibaki kwake. Ukishasaini tunatoka hapo wote wawili hadi benki, nalipa ukiniona. Siku hiyohiyo slipu yako inakuwa huru.

Ukikataa, utaendelea kulipa wewe polepole kutoka kwenye mshahara, na mimi nitaendelea kulala humu. Ulinifundisha subira, nimefuzu.

Dada yako


20 Julai

Dada,

Mama alinipigia. Nilipokea kwa sababu nilidhani amelazwa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza habari za watoto mmoja mmoja, akauliza jino la mkubwa limeota, kisha akasema, "Nikitolewa hapa, nije kwako nikae upande gani wa pazia?" Nilikata simu. Nimemkatia simu Mama yangu.

Yule dalali nimemfukuza. Sikumtuma aingie vyumbani, wala sikujua kama angeleta watu. Unaamini, huamini, shauri yako.

Nyumba ya huku imekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo kunyweni chai mfurahi.

Nitakuja tarehe 14 mwezi wa nane. Nitasaini. Sikusamehe, na sitalala hapo. Basi la jioni linanirudisha.


19 Agosti

Mdogo wangu,

Mama hajambo, ila ameacha kukaa barazani.

Natumaini ulifika salama. Hukupiga simu kusema umefika, kwa hiyo nilimwuliza wakala wa basi.

Nataka niandike siku ile ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, na sijui kama uliona chochote. Kwa wakili ulisaini bila kusoma. Wakili akakwambia, "Soma kwanza, kaka." Ukasema, "Nimeshaisoma miaka saba." Nilitaka kukuzaba kibao na nilitaka kukushika mkono, nikaishia kutengeneza kola ya shati lako iliyokuwa imekunjika. Ukaikwepesha shingo.

Benki tulikaa na kiti kitupu katikati yetu. Yule binti wa dirishani anayenijua akazihesabu pesa, akagonga mhuri, akatabasamu hadi masikioni. "Hongereni! Miaka ishirini mmemaliza kwa saba na nusu. Wateja kama nyinyi ni wachache. Siri yenu ni nini?" Ukamwambia, "Ugomvi." Akadhani ni mzaha akacheka peke yake.

Siku hiyo niliingoja tangu nikiwa na nywele nyeusi kichwa kizima. Nilidhani nitapiga vigelegele mlangoni mwa benki. Badala yake nilisimama kwenye ngazi na risiti mkononi nikikuangalia unavuka barabara, begi begani, hugeuki nyuma.

Mama alikuwa amepika. Alikuwa amepika nyama, mdogo wangu! Alitoa sahani yako akaifunika, akaifunua giza lilipoingia, akaifunika tena. Asubuhi alimpa fundi redio. Hilo sitalisahau. Mimi ungeweza kunipita, una sababu zako na nyingine ni za kweli. Lakini mwendo wa dakika kumi kutoka stendi, ukamwacha Mama na sahani?

Sasa nina nyumba. Nimelala chumba cha mbele usiku mmoja kuonja, fundi redio alikuwa safarini. Sikupata usingizi.

Dada yako


6 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mfikishie Mama.

Naandika kwa kifupi. Slipu ilipokuwa safi benki walikubali. Tumepata nyumba, si ile, nyingine, vyumba viwili na jiko la nje. Ukuta mmoja una ufa na bomba la bafuni linavuja, lakini mlango una ufunguo na ufunguo tunao sisi. Siku ya kwanza mkubwa aliingia chumbani kwake akafunga mlango, akafungua, akafunga, mpaka wifi yako akamfokea huku akilia.

Mkopo ni wa miaka ishirini. Rejesho linakula karibu nusu ya mshahara, lakini tutazoea.

Siombi kitu. Nimekujulisha tu, kwa sababu Mama alitaka kujua kuhusu pazia. Mwambie Mama kwamba wifi yako amelikata matambara ya kupigia deki.

Ile sahani nimeisoma. Nitakuja kumwona Mama mwisho wa mwaka. Nakuja kwa Mama.

Mdogo wako


15 Novemba

Mdogo wangu,

Mama amesomewa barua yako mara tatu. Mara ya tatu alinisahihisha mahali niliporuka.

Miaka ishirini! Una wazimu? Umeniona mimi nikichunwa ngozi mbele ya macho yako, kisha ukaenda ukainamisha shingo palepale? Unajua kwa miaka ishirini utakuwa umewalipa nyumba ngapi wale watu? Mbili, mdogo wangu, na ufa ule mmoja utabaki kuwa wako. Na hukuuliza, maana kuuliza dada ni aibu.

Kesho, si kesho kutwa, nenda dirishani na barua uliyoiandika mwenyewe. Waambie kila kitakachozidi rejesho kipunguze deni lenyewe, kisiwekwe kando kungoja miezi ijayo. Wagonge mhuri kwenye nakala yako. Usitoke bila mhuri. Kisha kaeni mezani wewe na wifi, yeye ndiye ashike kalamu, maana aliyeuza friji anajua thamani ya pesa kuliko wewe. Muugawe mshahara siku unapoingia, kabla haujajua umefika.

Halafu nitumie namba ya akaunti ya huo mkopo. Sikuombi, nakuagiza. Kodi ya fundi redio haina tena pa kwenda, inanikera ikikaa kwenye mkebe. Itakuja huko kila mwezi, na za msimu wa sare zitakuja juu yake. Nilichukua jina lako kwa miaka mitano nikakaa nalo saba na nusu. Niliijua siku miaka mitano ilipotimia. Nilikuwa nashona, nikaendelea kushona. Hiyo miwili na nusu ni deni, na mimi deni silipi kwa miaka ishirini.

Usidhani tumepatana. Bado nina hasira na wewe, nitakuwa nayo ukija mwisho wa mwaka, na utakula mbele ya Mama mpaka sahani ing'ae.

Hiyo namba iandike vizuri. Saba zako zinafanana na moja, na sitaki kumlipia nyumba mtu nisiyemjua.

Dada yako